Mapengo ya Ua wa Mama

Dada yangu mkubwa alikuwa mtu wa kutoa hukumu kabla hajapewa kiti. Siku moja ya mwezi wa nane, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, alishuka pale barabara ya Kangundo, akapanda kilima chetu kwa viatu vya ofisini, na alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alisimama nje, mkoba begani, akazungusha macho kwenye ua wa michongoma uliozunguka boma letu, kisha akasema, "Hii si boma tena. Hii ni njia ya kupita."

Sikupenda alivyosema, lakini hakusema uongo. Ua ule aliupanda baba alipooa, na baada ya yeye kufariki hakuna aliyeushughulikia. Kiangazi kimoja kiliua michongoma kadhaa, ng'ombe wa watu wakapanua palipokufa, na wapita njia wakagundua kwamba kwetu ni mkato mzuri wa kwenda kisimani. Mama aliziba mapengo kwa matawi makavu ya miiba. Majirani waliokosa kuni waliyatazama matawi hayo kwa jicho jingine, na kila baada ya siku chache mapengo yalikuwa wazi tena.

Kilichomleta dada ni kuku. Wezi walikuwa wameingia kupitia pengo la upande wa chini wakabeba kuku wote wa mama, pamoja na jogoo ambaye, kusema kweli, hatukumlilia sana, maana alikuwa akiwika saa ambazo hata wachawi wamelala. Dada alipopata habari hizo hakusikia kuku. Alisikia kwamba mama yetu, mjane anayeishi peke yake tangu sisi watoto tutawanyike, alikuwa amelala ndani huku watu wakitembea nje ya dirisha lake.

"Mama, utakuja kukaa na mimi," alisema tulipokuwa tukinywa chai. "Pale Athi River niko na chumba, niko na maji ya mfereji, na kwa geti kuna askari."

Mama aliendelea kukoroga chai yake. Aliwahi kukaa kwa dada wiki chache alipokuwa akitibiwa macho, na alirudi akiona vizuri na akiwa amekonda. Alitueleza kwamba kule watu hupishana kwenye ngazi kama walioshtakiana. Alikuwa akikunja nguo zilezile, anazikunjua, anazikunja tena, ili siku ipite. Mimi nilijua hilo, na nilijua kwamba mama akihamia kule ghorofani hatadumu. Dada naye alijua, ila hofu yake ilikuwa kubwa kuliko alichokijua.

"Boma haijafunguka," mama alisema hatimaye. "Ni ua imetoka meno. Nitaziba."

"Utaziba na nini? Na zile kuni za jirani?"

"Na miti."

Dada akacheka, lakini hakuwa mtu mbaya, na mama alikuwa mama. Wakapatana. Mama alipewa mwaka mmoja. Kama ua ungezibwa wote ukawa kijani, angeachwa kwake. Kama hapana, angefunga virago bila kesi nyingine.

"Na sitakuja Desemba, wakati hata mawe inaota majani," dada alisema, akijua vizuri mvua zetu za Ukambani. "Nitakuja mwezi wa tisa, kiangazi. Nikiona ndani nikiwa nje, tunaenda na wewe."

Hapo ndipo kazi ya kuchagua miti ilipoanza, na nikajitwisha mimi, kwa sababu nilikuwa nikifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi pale Tala na nilijiona mtaalamu wa kila kitu kinachosimama wima. Tulihitaji mti unaokua mbio, usiopukutika majani jua likiwaka, na usioliwa na mbuzi. Ukifikiria vizuri utaona kwamba hayo ni mambo matatu yanayopingana. Kinachokua mbio mara nyingi ni kitamu, na kinachostahimili jua letu hakina haraka na mtu. Wazo la kwanza lilikuwa waya wa dukani kwetu, lakini mama alilikataa. "Waya ni dirisha," alisema. "Mtu anasimama nje anaona mpaka kwa sufuria."

Mkabala na duka letu kulikuwa na kijana aliyeuza miche. Alikuwa na ulimi wa asali. Alinionyesha saipresi zilizosimama wima kwenye vikaratasi vyao vya nailoni, kijani kibichi, zenye harufu ya Krismasi, akaniambia kwamba nyumba zote kubwa za kule juu Limuru zimezungushiwa hizo. Nikajiona nyumbani kwetu kama Limuru. Sikuuliza Limuru kuna mvua kiasi gani, wala sikumwuliza mama. Mwezi wa kumi na moja mvua zilipoanza, nilijaza mapengo yote kwa saipresi, nikazipanga kwa kamba ya mwashi, zikanyooka hadi majirani wakaja kuangalia. Mama alizitazama kwa muda.

"Ni nzuri," alisema. "Mchwa watafurahi."

Nilidhani ananitania. Kufikia mwezi wa pili, saipresi zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, moja baada ya nyingine, na ukishika shina linabaki mkononi kama kijiti cha kiberiti. Mchwa wetu walikuwa wamezila kutoka chini, kimyakimya, bila haraka, wakala mpaka mizizi. Niliketi pale kwenye tuta nikiwa na hasira ambayo sikujua nimtupie nani. Msimu mzima wa mvua ulikuwa umepotea. Ilibaki mvua ya mwezi wa tatu peke yake, kisha ni kiangazi moja kwa moja mpaka dada aje.

Mama hakunilaumu. Jioni ile alijifunga leso, akaenda kwenye mkutano wa mwethya.

Kwa asiyejua, mwethya ni kikundi cha kazi ambacho Wakamba wamekuwa nacho tangu zamani. Kwetu kilikuwa cha akina mama watupu. Walikutana asubuhi mbili kwa wiki, kila mmoja na jembe lake, wakachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule, kwa zamu. Zamu ya mama ilikuwa mwezi wa tatu, na tuta lake la chini lilikuwa limebomoka vibaya. Alisimama mbele ya wenzake akaomba zamu yake isitumike kwenye tuta. Aliomba waje kumsaidia kuziba ua.

Nilikuwa nje nikimsubiri nimsindikize, kwa hiyo nilisikia yaliyofuata, na hata kama ningekuwa Tala nadhani ningesikia. Walikubali mara moja. Ugomvi ulikuwa ni kuhusu mti. Mama mmoja alisema ni mnyaa, ule wa vijiti vya kijani vyenye maziwa makali, maana hauna majani ya kupukutika na hakuna mbuzi mwenye akili anayeugusa. Mwenyekiti, aliyekuwa na boganvilia iliyofunika choo chake chote hadi wageni wakadhani ni nyumba ya maombi, alisema mnyaa ni mti wa makaburini. Wa tatu alitaka lantana, akaambiwa lantana ni kwekwe. Naye akauliza kama kuna kitu kinachokua mbio kuliko kwekwe.

Kisha akasimama mama mmoja mnene, rafiki mkubwa wa mama, aliyekuwa akifagia ofisi fulani mjini Machakos. Alikuwa na sauti ya kwaya na maoni kuhusu kila jambo, na alikuwa amezicheka saipresi zangu hadharani kanisani.

"Mimi nitaleta ile ua ya ofisini," alisema. "Ile majani inang'aa, inakatwa juu kama nywele ya askari. Nyinyi mmewahi kuona ofisi imekauka?"

Walibishana mpaka giza likaanza kuingia. Mwishowe mwenyekiti akakata kesi kwa kanuni ya matuta. Kwenye matuta, kila mwanamke hupimiwa kipande chake, na mvua ikibomoa mahali, kijiji kizima hujua ni kipande cha nani. Basi na ua uwe vivyo hivyo. Kila mtu achukue pengo moja, alete mti anaouamini, aupande, na ukifa aibu ni yake. Mimi nilipinga. Nilisema ua wa miti kumi tofauti utaonekana kama shati la viraka. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole saipresi zangu zinaendeleaje, na wote wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Siku ya kupanda ilikuwa sherehe. Walikuja asubuhi wakiimba, wengine na miche kichwani, wengine na vishada vya matawi kwapani. Mama wa mnyaa alikuwa amekata vijiti vyake siku kadhaa kabla na kuviweka kivulini maziwa yakauke, maana ukivipanda vikiwa vibichi vinaoza. Vilikuwa virefu kama fimbo za wachungaji, na alipovichomeka karibukaribu pengo lake lilionekana limezibwa papo hapo. Wengine waliona wivu waziwazi. "Huyo amepanda nguzo, hajapanda miti," alisema wa lantana. Nilitaka kusaidia nikaambiwa nichote maji. Nilichota maji mchana kutwa, na kila nilipopita na ndoo niliulizwa kama ninatoka Limuru.

Mama alizunguka akiwagawia uji. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu baba afariki. Niliona furaha, na nikaona pia kwamba tuta lake lilikuwa bado limebomoka, na mvua ilikuwa ikikusanyika upande wa Lukenya. Mvua ile ilishuka na udongo mwingi wa mahindi yake. Hakulitaja jambo hilo hata siku moja.

Miezi iliyofuata ilinifundisha kwamba mimea ikiwa na wenyewe hukua tofauti. Nilikuwa nikija nyumbani Jumapili, na sikuwahi kumkuta mama peke yake. Mara nilimkuta mwenyekiti akifunga boganvilia yake kwa kamba za katani. Mara nilimkuta wa lantana akimwagia lantana yake maji aliyooshea vyombo, ambayo alikuwa ameyabeba kutoka kwake, mwendo mzuri tu. Kila mmoja alikuja kuangalia kipande chake, akaangalia na cha jirani yake kwa jicho la pembeni, akafurahi kidogo kama kimedumaa. Akishamaliza alikaa, kwa sababu haiwezekani kuondoka kwa mtu bila kunywa chai. Sukari ya mama ilikwisha kwa kasi ya kutisha. Nikawa naleta kutoka Tala.

Kiangazi kilipoingia, mambo yalijitenga. Mnyaa haukujua kama kuna jua. Boganvilia ilipanda juu ya michongoma mizee, ikatoa maua mekundu na miiba ya kutosha kumvua mtu shati. Lantana ilikunja uso kidogo lakini ikabaki kijani, nene, yenye harufu ya kumfukuza mbuzi. Ule ua wa ofisini ndio ulioanza kuumwa. Kwanza majani yaliacha kung'aa, kisha yakawa ya manjano, kisha hayakuwepo. Mwenyewe alikuja kila siku akitoka kazini, bado amevaa koti lake la bluu la kufagilia, na mtungi wa maji. Alizungumza na ule mti. Aliukaripia. Mwezi wa saba uliisha akiwa amebaki na vijiti vikavu, na aliving'oa mwenyewe jioni moja bila kuimba. Ofisini, tuligundua, kulikuwa na mtu aliyeajiriwa kumwagilia asubuhi na jioni.

Basi kukabaki pengo moja. Lilikuwa upande wa chini, palepale walipopitia wezi wa kuku, nalo lilitosha mtu mzima kupita na gunia. Kuchomeka mnyaa wakati ule kusingesaidia, udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Nilipomwambia mama kwamba dada atakuja Jumamosi, alisema "haya," akaendelea kupepeta maharagwe. Mikono yake ilipepeta hata yaliyokuwa safi. Niliogopa kwa niaba yake.

Jumamosi ile dada alifika na mwavuli wa jua. Nilimlaki barabarani, nikambebea mkoba, nikazungumza sana, kama anayetaka kumchosha mtu kabla hajafika. Mama alikuwa mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani. Walisalimiana vizuri. Kisha dada akasema, "Twende tuone."

Tulianzia juu. Alisukuma mnyaa kwa ncha ya mwavuli, na mnyaa haukusogea. Mara mama wa mnyaa akainuka kutoka nyuma ya kichaka, na shoka mkononi, kana kwamba amepita hapo kwa bahati.

"Wakya," alimsalimu dada, kama mkubwa anavyomsalimu mdogo.

"Aa," dada aliitikia, akapunguza urefu wake ghafla.

"Wewe ndio unataka kupeleka mama yetu Athi River?"

Dada alianza kueleza habari za usalama. Mama wa mnyaa alisikiliza kwa heshima, kisha akamwomba asichome mti wa watu na mwavuli. Tukaendelea. Kwenye boganvilia tulimkuta mwenyekiti, naye kwa bahati alikuwa akipogoa. Kwenye lantana tulimkuta wa lantana. Kila pengo lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alimsalimu dada, akamwuliza swali lilelile kwa maneno yake, akamwonyesha mti wake kama mtu anayeonyesha mtoto aliyefaulu mtihani. Nilimtazama mama. Alikuwa nyuma yetu, amefumbata mikono, na sijui kama alikuwa amewaita au walijiita.

Kisha tukafika upande wa chini. Nilitaka kugeukia kwingine, lakini dada alikuwa na macho. Pale penye pengo, katikati kabisa, palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikaa yule mama mnene wa ofisini, na koti lake la bluu, ameweka ungo mapajani, akimenya mbaazi. Alikuwa amejaza pengo lote, kusema haki, kushoto na kulia.

"Wakya."

"Aa," alisema dada. Aliangalia chini, akaangalia pembeni, kisha akamwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, na hapa mlipanda nini?"

"Hapa nilipanda ile ya ofisini. Ikakufa." Aliendelea kumenya. "Kwa hivyo hapa ni mimi."

"Wewe?"

"Mpaka mvua inyeshe, nipande mnyaa. Hata kama huyu wa mnyaa atanicheka mpaka Kristo arudi."

"Na ukichoka, mwaitu?"

Yule mama aliinua macho kwa mara ya kwanza, akaelekeza midomo upande tuliotoka, ambako wenzake walikuwa wametufuata polepole na sasa walikuwa wamesimama wote, majembe na shoka na visu mikononi, wakijifanya wanatazama mawingu. "Nikichoka, mmoja wa hao atanishikia," alisema. "Sisi hatuachi kipande ya mwenzetu ikibaki wazi."

Dada alifunga mwavuli. Alikuwa na hoja zake zote, nilijua, alizipanga njia nzima kutoka Athi River, na hakutoa hata moja. Alivuta gauni, akachutama kando ya ungo, akachukua mbaazi moja, akaimenya. Akachukua nyingine. Wale akina mama wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kama waliofunguliwa mfereji.

Baadaye aliingia chumbani kwa mama kuweka mkoba wake, nami nikamfuata kumpelekea maji ya kunawa. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba. Kitandani kulikuwa na begi la mama, lile kubwa la safari, limefungwa tayari. Juu yake kulikuwa na sweta, Biblia, na dawa zake za macho ndani ya mfuko wa plastiki. Kuta zilikuwa zimebaki misumari mitupu. Hata picha ya baba ilikuwa imefungwa ndani ya kanga.

Mama alitokea mlangoni nyuma yangu akatukuta tukilitazama begi.

"Ulikuwa umeshafunga virago?" dada aliuliza. Sauti yake haikuwa ya kutoa hukumu.

"Tulipatana. Pengo lilibaki."

"Mama, mbona hukuniambia tu kwamba hutaki? Mwaka mzima?"

Mama alipita katikati yetu, akachukua ile picha iliyofungwa, akaishika tu. "Wewe uliuliza ua, mwanangu," alisema. "Mimi hukuniuliza."

Dada alikaa kitandani, akafungua begi. Alianza kutoa nguo moja moja, akimpa mama, na mama akizirudisha kwenye misumari yake, bila haraka, mpaka ukuta ukajaa. Nje kule mtu alikuwa akiuliza kwa sauti ya kwaya kama siku hizi katika nyumba hii wageni hawapewi chai.